Historia Gani Tuwasomee Watoto Wetu Nyumbani?

Wazazi Wakristo, mtoto asiyejua alikotoka huweza kupotoshwa na mtu yeyote atakayemwambia, "Ninyi mlitoka huku." Kwa sababu hiyo twaona yafaa leo tuseme neno juu ya vitabu vya historia ambavyo baba na mama huviweka nyumbani mwao. Jambo hili wengi hawalijali. Mzazi huangalia kwa bidii kama mtoto amepata sare, kama anajua sala zake, kama amejiandaa kwa Komunyo ya kwanza. Lakini kitabu cha historia anachokisoma mtoto jioni huingia nyumbani bila kubisha hodi, wala hakuna amwulizaye kimemfundisha nini.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza wa watoto wao, na kwamba kazi hiyo ni nzito kiasi kwamba ikikosekana ni vigumu kuizibia pengo. Huko Marekani zipo jamaa nyingi za Kikatoliki zinazowafundisha watoto masomo yote nyumbani, na mama wa nyumba huchagua kila kitabu mwenyewe. Kwetu mambo si hivyo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni na kuhakikisha anahudhuria. Tena, tangu Serikali ilipozitwaa shule nyingi za misioni kufuatana na sheria ya mwaka 1969, watoto wetu walio wengi husoma katika shule za Serikali pamoja na wenzao wa dini nyingine. Huko hujifunza kuishi kama ndugu, nasi twashukuru kwa hilo. Katika mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 hufundishwa pia somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Basi, mchana ni wa mwalimu. Lakini jioni, Jumapili na likizo ni zamu ya mzazi, na hapo ndipo swali letu linapoanza.

Tuchukue mfano wa jamaa moja huko Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu uliozaliwa mwaka 2012, pamoja na jamaa nyingine za Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Wengi wao ni Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe. Mzazi wa huko hana duka kubwa la vitabu mlangoni pake. Pengine kwa mwaka mzima atanunua kitabu kimoja tu, baada ya kuuza pamba yake. Mwenye fedha ya vitabu kumi akikosea kimoja, tisa vitamsahihisha. Mwenye fedha ya kitabu kimoja hana nafasi ya kukosea. Hivyo ni yeye, kuliko tajiri wa mjini, anayehitaji kujua namna ya kuchagua.

Kanuni tunayo tayari, nayo ni ya zamani. Papa Leo wa Kumi na Tatu aliwafungulia wataalamu hifadhi ya nyaraka za Vatikano mwaka 1881. Miaka miwili baadaye, tarehe 18 Agosti 1883, aliandika barua juu ya elimu ya historia, akakumbusha sheria mbili: mwandishi wa historia asithubutu kusema uongo, wala asiogope kusema kweli. Tukumbuke kwamba siku zile Kanisa lilikuwa likishambuliwa na waandishi wengi wa Ulaya. Papa angaliweza kufunga milango, yeye akaifungua. Naye Papa Fransisko, katika barua yake ya tarehe 21 Novemba 2024 juu ya kujifunza historia ya Kanisa, alihimiza vilevile kwamba tulipende Kanisa jinsi lilivyo, pamoja na makovu yake. Kutokana na kanuni hiyo tunawapa wazazi maswali matatu ya kukiuliza kila kitabu kabla ya kukitolea fedha.

SWALI LA KWANZA: KITABU CHAWASEMAJE WAZEE WETU?

Wilaya ya Busega yapakana na ghuba ya ziwa ambayo ramani huiita Ghuba ya Speke. Jina hilo ni la Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika upande wa kusini wa ziwa hilo mwanzoni mwa mwezi Agosti, 1858. Vitabu vingi vya zamani vyasema kwamba "aligundua" ziwa. Mtoto wa Busega, ambaye mababu zake walivua samaki na kunywesha ng'ombe katika maji yale kwa vizazi vingi, afundishwe nini na neno hilo? Atajifunza kwamba kitu hakipo mpaka mgeni amekiona. Kitabu kilicho bora chasema kwamba Speke alikuwa Mzungu wa kwanza kuleta Ulaya habari za upande ule wa ziwa, na kwamba alifika akiongozwa na wapagazi na watu waliozijua njia. Maneno yameongezeka kidogo tu, lakini mtu mweusi amerudishwa katika historia yake mwenyewe.

Angalieni pia maneno kama "washenzi" na "gizani" yanapotumiwa kwa kila jambo la mababu. Siyo mapadre wote waliosema hivyo. Padre David Clement, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya ngoma, vyombo na habari za watemi huko Bujora, karibu na Kisesa, njia ya kutoka Mwanza kwenda Simiyu. Ndiyo asili ya Makumbusho ya Wasukuma. Huko sikukuu ya Ekaristi Takatifu iliunganishwa na mashindano ya ngoma yanayoitwa Bulabo, na Wagika na Wagalu wakacheza mbele ya umati.

Mfano mwingine ni wa jirani yetu wa ng'ambo ya ghuba. Aniceti Kitereza, katekista wa Ukerewe, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kitabu kirefu juu ya maisha ya watu wa kisiwa chake kabla ya kuja Wazungu: kilimo, uvuvi, uganga, ndoa na malezi. Hakupata wa kukipiga chapa. Akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 ndipo kilipotoka, kikiitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata, 1981, alifariki. Hapa twaona Mkristo thabiti akiandika habari za mababu wasiobatizwa kwa heshima, bila kuwacheka wala kuwapamba. Kitabu hicho chasimulia habari za mume na mke waliotafuta mtoto, na mambo ya watu wazima yamo. Kwa hiyo mzazi akisome kwanza, kisha awasomee vijana sehemu zinazofaa.

Lakini mzazi asirukie upande wa pili. Kipo pia kitabu kinachowafanya mababu kuwa malaika, kana kwamba kila ubaya ulikuja na meli. Hicho nacho kinadanganya. Wapo watemi waliouza watu kwa bunduki na nguo. Na imani ya uchawi, ambayo katika Usukuma imewaua vikongwe wasio na hatia hata katika karne hii, haikuletwa na mgeni. Mtoto aliyefundishwa kwamba yote ya jadi ni mema atapata wapi nguvu ya kusema "Hapana" siku bibi mmoja wa kijiji atakapoonyeshwa kidole?

SWALI LA PILI: KITABU CHAWASEMAJE WASIO WA DINI YETU?

Fungueni ukurasa unaosimulia biashara ya watumwa. Kitabu kikisema kwamba ilikuwa kazi ya Waarabu tu, kimesema nusu. Ni kweli kwamba misafara ya wafanyabiashara wa Unguja, kama Tippu Tip, ilipita Tabora na kwenda mpaka Kongo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Lakini mwaka 1776 Mfaransa mmoja jina lake Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa, ili auziwe watumwa elfu moja kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa. Na Wareno, waliobatizwa kama sisi, waliwapakia watu wa Msumbiji katika merikebu za kwenda Brazil. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyeitembelea Tanzania mwezi Septemba 1990, alisimama mwezi Februari 1992 katika kisiwa cha Gorée, Senegali, akaomba msamaha kwa ajili ya dhambi hiyo ya Wakristo. Kama Baba Mtakatifu hakuona haya kuisema mbele ya ulimwengu, sisi twamficha nani tunapomfundisha mtoto kuwachukia jirani zake Waislamu kwa dhambi ambayo wetu nao walishiriki?

Hali kadhalika katika habari za uhuru. Yafaa mtoto Mkatoliki ajue kwamba Mwalimu Julius Nyerere alibatizwa mwaka 1943, akafundisha katika shule za Kikatoliki za Tabora na Pugu, na kwamba leo Kanisa lamwita Mtumishi wa Mungu. Yafaa pia ajue kwamba TANU, iliyoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, ilijengwa na watu wa dini zote, na kwamba wazee Waislamu wa Dar es Salaam, miongoni mwao Abdulwahid Sykes, walikuwa mstari wa mbele. Tena ajue kwamba katika miaka ya 1970 wananchi wengi walihamishwa kwa nguvu kuingia vijijini. Kumheshimu mtu mwema hakutudai tuyafute machozi ya wengine katika kitabu.

Juu ya ndugu zetu Waprotestanti, mfano mzuri ni wa Uganda. Mashahidi 22 Wakatoliki, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964, waliuawa katika miaka ya 1885 hadi 1887, na vijana Waanglikana waliuawa kwa imani ileile. Wengi wa pande zote mbili walichomwa moto siku moja huko Namugongo, tarehe 3 Juni 1886. Lakini mwezi Januari 1892, kabla hata miaka sita haijapita, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana vita huko Mengo. Askofu Hirth akaondoka na watu wake, na mwaka huohuo misioni ya Kashozi ikaanza karibu na Bukoba. Kitabu kinachoeleza Namugongo na kuinyamazia Mengo hakimwambii mtoto kwamba watu walioungana katika kufa waweza kutengana katika kutawala. Somo hilo ni la maana sana kwa nchi yoyote yenye dini nyingi.

SWALI LA TATU: KITABU CHALISEMAJE KANISA?

Hapa ndipo penye jaribu kubwa, nasi twachukua vita vya Maji Maji, kwa sababu mtoto wa Bariadi anaijua pamba. Amepalilia pamba, amechuma pamba, ameona baba akisubiri bei. Basi asimuliwe kwamba mwezi Julai 1905, katika milima ya Matumbi kusini mwa nchi, watu waliilima pamba kwa amri ya Wajerumani, kwa ujira usiotosha kitu, huku mashamba yao ya chakula yakikosa mikono. Wakaing'oa. Vita vikaanza.

Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa njiani pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Hawakuwa na jeshi. Kitabu kisichowataja kina upungufu. Lakini tarehe 27 Februari 1906, mjini Songea, wapiganaji zaidi ya 60 walinyongwa, na Wajerumani waliteketeza chakula na mashamba mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wataalamu huhesabu waliokufa kuwa makumi ya maelfu, na wengine hutaja hata laki tatu. Kitabu kinachomlilia askofu na kuwapita hao kimya kimya kina upungufu mkubwa zaidi. Tena kitabu kinachosema kwamba wamisionari walikuwa wapelelezi wa serikali ya kikoloni tu hakiwezi kueleza kwa nini mapadre walianza mwaka 1868 kuwalea watumwa waliokombolewa huko Bagamoyo. Wala hakiwezi kumweleza Adrian Atiman, mtumwa kutoka nchi za Timbuktu aliyekombolewa, akasomea uganga Malta, akawatibu watu wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu mwaka 1889 karibu mpaka kufa kwake mwaka 1956.

Kisha mtoto alinganishe na kwao. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, walijiunga katika vyama vya ushirika ili wapime na kuuza wenyewe, na mwaka 1955 umoja wa vyama hivyo ulisimama. Zao ni lile lile: Matumbi lililimwa kwa kiboko, Usukuma lilikuwa njia ya watu kusimama kwa miguu yao. Mtoto ataelewa kwamba ubaya haukuwa katika mmea, ulikuwa katika kumlazimisha binadamu.

JE, IMANI YA MTOTO HAITATIKISIKA?

Wapo wazazi watakaosema: "Mambo haya ni mazito. Tukimwambia mtoto makosa ya Wakristo, ataliacha Kanisa." Woga huo twauelewa, maana watokana na upendo. Lakini tutazame Injili. Wainjilisti wote wanne waliandika kwamba Petro alimkana Bwana mara tatu. Petro alikuwa mkuu wa mitume, na Wakristo wa kwanza walimheshimu mno. Hata hivyo hawakulifuta. Waliliacha ili tujue kwamba Kanisa lasimama kwa huruma ya Mungu, wala si kwa ukamilifu wa watu wake.

Tena, mtoto atayasikia tu. Kama hakuyasikia akiwa na miaka kumi, mkekani, mama yake akiwa kando ya taa, atayasikia akiwa na miaka ishirini chuoni, kwa mtu anayecheka. Siku hiyo hatauliza tu, "Je, ni kweli?" Atauliza, "Kwa nini wazazi wangu walinificha?" Na swali hilo la pili huvunja imani upesi kuliko la kwanza.

NAMNA YA KUFANYA

Mzazi akikishika kitabu, kwanza atazame ni nani aliyekiandika, wapi, na mwaka gani. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934, chasimulia habari za watumwa waliokombolewa wa Mombasa. Chafaa sana, lakini kiliandikwa wakati wa ukoloni, na sifa za Waingereza zimezidi kipimo. Mtoto akiambiwa hivyo tangu mwanzo atakisoma kwa faida.

Pili, mzazi akisome kitabu mwenyewe kabla ya mtoto. Asiyejua kusoma vizuri amwombe katekista au kijana mkubwa amsomee. Hakuna haya katika jambo hilo.

Tatu, apime umri. Wadogo wapewe maisha ya watu: Mtakatifu Kizito, Atiman, au Laurean Rugambwa wa Bukoba, aliyefanywa Kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu. Wakubwa waweza kupewa vita, biashara na siasa.

Nne, kitabu cha nyumbani kisipopatana na cha shule, mzazi asimtukane mwalimu mbele ya mtoto. Aviweke vitabu viwili mezani, waulizane: kila mmoja ameyajuaje anayoyasema? Mtoto aliyezoea swali hilo hatapotoshwa kwa urahisi na kitabu wala na mhubiri wa barabarani.

Tano, fedha ya kitabu ikikosekana kabisa, wazee wapo. Mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani walikuja Musoma mwaka 1946, na mwaka 1956 jimbo la Maswa lilipewa jina la Shinyanga, chini ya Askofu Edward McGurkin. Wangalipo babu na bibi waliobatizwa siku hizo. Mtoto apewe daftari, aende kwa adabu, aamkie, akae chini, aulize: Ni nani aliyewafundisha katekisimu? Mwaka wa njaa mlikula nini? Mlihamia hapa lini, na kwa amri ya nani? Ayaandike yote pamoja na jina la msimulizi na tarehe. Daftari hilo laweza kuwa kitabu cha historia kilicho bora kuliko vyote nyumbani mule, nalo halikununuliwa kwa pamba.

Wazazi wapenzi, Bwana wetu alisema kwamba kweli itatuweka huru. Hakuitenga kweli ya historia. Tuwape watoto wetu kweli hiyo kwa kipimo cha umri wao, kwa upole, na kwa mikono yetu wenyewe.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA

1. Ni vitabu gani vya historia vilivyomo nyumbani mwetu, na ni nani kati yetu aliyevisoma?
2. Je, kipo kisa cha dini yetu au cha kabila letu ambacho twaogopa kuwasimulia watoto? Kwa nini?
3. Ni mzee gani wa jumuiya yetu ambaye watoto wapaswa kumwendea kabla ya mwaka huu kwisha?